Germaine Acogny na Majina ya Mwili

Walimu wenzangu wanayajua malalamiko ya siku nyingi kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kuhakikia ngoma. Ushairi una wahakiki wake, riwaya na tamthilia kadhalika. Fani na maudhui tumezichambua hata wanafunzi wamechoka kuzisikia. Lakini mwanafunzi huyo huyo akitakiwa aandike ukurasa mmoja juu ya mchezaji aliyemwona jukwaani, ataandika kwamba alicheza vizuri, alivaa mavazi ya kupendeza, na watazamaji walishangilia. Nimesahihisha insha za namna hiyo kwa miaka mingi, tena nimezipa alama nzuri, maana nami sikuwa na maneno ya kumwonyesha mwandishi wake kilichopungua.

Ndiyo sababu nakusudia kumzungumzia msanii ambaye tatizo letu lilimkabili yeye kabla yetu, tena kwa ukali zaidi. Sisi twahitaji maneno ya kuieleza ngoma iliyokwisha chezwa. Yeye alihitaji maneno ya kuifundisha kwa mtu asiyezaliwa ndani yake. Msanii huyo ni Germaine Acogny wa Senegal. Wengi humtaja kama mama wa dansi ya kisasa ya Afrika, sifa ambayo hurudiwa mara nyingi bila kuelezwa. Nitajaribu kuieleza, na pale nitakapoona haja sitasita kuipinga.

Acogny alizaliwa mwaka 1944 mjini Porto-Novo, katika nchi iliyoitwa Dahomey na sasa huitwa Benin, akakulia Senegal. Bibi yake, Aloopho, alikuwa kuhani katika dini ya Wayoruba. Baba yake, Togoun Servais Acogny, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Msomaji wa riwaya zetu ataitambua mara moja familia ya namna hii: kizazi kimoja chapiga magoti mbele ya miungu ya mababu, kinachofuata chavaa tai. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 binti alikwenda Paris kusomea elimu ya viungo katika chuo cha Simon Siegel, akarudi Dakar, na mwaka 1968 akafungua ukumbi wake wa kwanza wa kufundishia dansi.

Mwalimu wa mazoezi ya viungo hufundisha kwa amri: inua, shusha, geuka, moja, mbili. Mzee wa kijijini hufundisha kwa kutofundisha. Mtoto hukua pembeni mwa ngoma, akaitazama, akaiiga, akakemewa, mwisho akaijua pasipo kuweza kueleza alivyoijua. Acogny alikuwa na njia hizo mbili mkononi na hakuna iliyomtosha. Ya kwanza ingemfanya Mwafrika awe mwanajeshi wa gwaride. Ya pili haikumfaa mtu wa mjini, ambaye ngoma ya kwao ameiacha umbali wa siku mbili za safari, wala haikumfaa mgeni.

Alichokifanya ni kuupa mwili majina. Katika mafunzo yake kifua ni jua, makalio ni mwezi, na kinena ni nyota. Uti wa mgongo ni nyoka wa uhai, na kutoka kwake miendo yote huanza. Yapo mapozi na miendo yenye majina ya mimea, kama yungiyungi, na hasa msufi, ule mti mkubwa ambao mizizi yake husimama juu ya ardhi kama kuta. Mwanafunzi haambiwi, "Weka miguu sentimita kadhaa mbali na nyingine." Huambiwa awe msufi. Akiambiwa hivyo nyayo zake hushika chini kabla hajafikiri, na kifua chake hufunguka, kwa kuwa jua haliwezi kuangaza likiwa limeinama.

Sisi walimu wa lugha tusidhani kwamba hili ni pambo la kishairi. Ni kazi ileile ya istiari tunayoifundisha darasani, ila hapa istiari hupimwa kwa goti na nyonga. Ikiwa jina ni baya, mwili haufanyi kitu. Shairi baya laweza kujificha nyuma ya vina vyake. Jina baya katika ukumbi wa Acogny huumbuka papo hapo, wanafunzi thelathini wakasimama wakitazamana.

Miendo mikuu ya uti wa mgongo katika mafunzo hayo ni mitatu, na Kiswahili, kinyume na malalamiko niliyoanza nayo, kinayo maneno yake. Upo mwendo wa wimbi unaopanda toka nyonga hadi shingo: huo ni kunesa. Upo mwendo wa kujikusanya kuelekea ndani: kujikunyata. Upo ule wa mtikisiko wa haraka unaoenea mwilini: kutetema. Nilipoanza kuyatafuta maneno haya nilishangaa kuona tulivyo matajiri. Tunasema kunengua, kudemka, kuyumba, kupepesuka, kugaagaa, kufurukuta, kutapatapa. Yote ni vitenzi, na labda hapo ndipo tulipopotea. Tulikuwa tukitafuta nomino ili tuonekane wataalamu, na hazina yetu ilikuwa kwenye vitenzi. (Neno lenyewe ngoma ni la ajabu. Kwa Mswahili ni chombo na pia ni mchezo. Kwa Warundi na Wanyarwanda ingoma ni chombo na pia ni utawala wa mfalme. Wote wameanzia kwenye ngozi iliyowambwa, kila mmoja akafika kwake.)

Mwaka 1977 Rais Léopold Sédar Senghor na mtunzi wa dansi wa Ufaransa Maurice Béjart walianzisha mjini Dakar chuo cha Mudra Afrique, tawi la fikira ile ile ya chuo cha Mudra ambacho Béjart alikifungua Brussels mwaka 1970. Acogny akawekwa kukiongoza. Vijana wa nchi mbalimbali za Afrika walisoma hapo, miongoni mwao Irène Tassembédo wa Burkina Faso, ambaye baadaye alikuwa mtunzi mashuhuri. Mwaka 1980 Acogny alichapisha kitabu chake kuhusu dansi ya Afrika, maandishi yake yakiwa katika Kifaransa, Kijerumani na Kiingereza. Mwisho wa mwaka huohuo Senghor aliacha urais, na mwaka 1982 chuo kikafungwa. Kiliishi miaka mitano tu. Chuo kinachozaliwa kwa mapenzi ya rais hukaa na roho juu siku rais anapoondoka. Hili sihitaji kulisimulia mbele ya walimu.

Hapa ndipo ninapoona haja ya kumhoji. Kwanza, hilo neno "Afrika" katika "dansi ya Afrika". Mwili anaoufundisha Acogny umetokana na ngoma za Afrika Magharibi, pamoja na mazoezi ya viungo na dansi ya kisasa ya Ulaya na Marekani. Mcheza sindimba wa Mtwara, au mwanamke wa Rwanda anayecheza umushagiriro huku mikono yake ikifuata pembe za ng'ombe, atajikuta wapi katika msufi? Senghor aliitaka Afrika moja yenye roho moja, na jina la kitabu limebeba kivuli cha matakwa hayo. Pili, majina yote hayo ya jua, mwezi, miti na nyoka yaweza kumfurahisha mtazamaji wa Ulaya kwa sababu mbaya. Alikuja na picha ya Afrika ya misitu kichwani mwake, na ataondoka nayo salama.

Acogny hakuwa kipofu wa hatari hii. Katika kitabu chake alieleza kwamba njia yake si kurudi kwenye mizizi. Ni njia ya mjini, ya Mwafrika wa leo. Maelezo hayo nayakubali nusu. Nia ya mwandishi ni jambo moja, na jina likishatamkwa lina maisha yake. Nusu nyingine ya jibu sikuipata kitabuni. Niliipata katika ubunifu wa papo kwa papo.

Wasomaji wengi wakisikia kwamba mchezaji anabuni papo hapo hudhani kwamba anafanya lolote limjialo. Atazame sabar ya Wawolofu. Watu hufanya duara, wapiga ngoma wamejipanga upande mmoja. Mchezaji hujitupa katikati peke yake, akacheza kwa muda mfupi mno kwa nguvu zake zote, akatoka. Mpigaji mkuu humtazama miguu, na fimbo yake huidaka hatua, huijibu, huichokoza. Hakuna aliyepanga, wala hakuna aliye huru kabisa. Ni malumbano, kama yale ya manju wawili, ambapo beti hutungwa mdomoni lakini mizani lazima itimie. Acogny alikulia karibu na duara kama hilo. Kwa mtu wa namna hiyo jina la mwendo si sheria. Ni hoja, na mchezaji ana haki ya kuijibu. Ndiyo maana naona ni kosa kuyahukumu mafunzo yake kwa kutazama orodha ya majina. Ni sawa na kuihukumu lugha kwa kutazama kamusi.

Baada ya chuo kufungwa alifanya kazi Ulaya, na mwaka 1985, pamoja na mumewe Helmut Vogt, alianzisha studio na shule mjini Toulouse. Dansi yake ya peke yake, Yé'ou, ilimpatia tuzo mjini London mwaka 1991. Katikati ya miaka ya 1990 walirejea Senegal, na katika kijiji cha wavuvi cha Toubab Dialaw, kusini mwa Dakar, wakaanza kujenga shule iitwayo École des Sables, yaani Shule ya Mchanga. Majengo yalizinduliwa mwaka 2004. Jina si la mzaha: ukumbi wake mmoja mkubwa una mchanga badala ya sakafu. Aliyewahi kukimbia ufukweni anajua maana yake. Mchanga hunyang'anya mguu nusu ya nguvu, humlazimisha mtu kuomba msaada wa kiuno na mgongo. Acogny amemwachia mchanga sehemu ya kazi ya mwalimu.

Nafika sasa kwenye kazi inayotuhusu kwa karibu sisi tunaofundisha Kiswahili katika nchi hizi za Maziwa Makuu. Mwaka 1998, waandishi kadhaa wa Afrika walikwenda Rwanda kwa mwaliko wa tamasha la Fest'Africa ili waandike juu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Mmoja wao alikuwa Boubacar Boris Diop wa Senegal, na riwaya yake juu ya Murambi ikatoka mwaka 2000. Acogny aliisoma. Kutokana nayo akatunga Fagaala, neno la Kiwolofu lenye maana ya maangamizi ya watu, kwa ajili ya kundi lake Jant-Bi, lililokuwa la wanaume watupu. Hakutunga peke yake. Alimwita Kota Yamazaki wa Japani, aliyelelewa katika butoh, dansi iliyozuka Japani mwishoni mwa miaka ya 1950, baada ya vita, ambayo huuachia mwili nafasi ya kuwa mzito, wa polepole na hata wa kutisha. Wasanii hao wawili walitunukiwa tuzo ya Bessie mjini New York mwaka 2007.

Sikubahatika kuiona Fagaala jukwaani. Nimeitazama katika filamu tu, na msomaji aupunguze uzito wa hukumu yangu kwa kiasi hicho. Hata hivyo nasema hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, kwa sababu ndani yake majina yake mwenyewe yanashindwa. Kifua ni jua, tulifundishwa. Lakini hapa kifua hakiangazi. Uti wa mgongo ulikuwa nyoka wa uhai; hapa unaburutwa na uzito usio wake. Mwalimu aliyetumia miaka mingi kuwafundisha vijana wasimame kama msufi amekubali kusimama kando na kumwachia mgeni awafundishe kuanguka. Ni watunzi wachache walio na ujasiri wa kuuweka mfumo wao mbele ya jambo linaloweza kuuvunja.

Jambo moja linanisumbua mpaka leo. Kundi la wanaume watupu limebeba msiba ambao wanawake walitendewa mengi yasiyoandikika. Mtu atasema ndilo kundi alilokuwa nalo, na ni kweli. Lakini mhakiki huhukumu kilichoko jukwaani, na jukwaani sauti ya mwili wa mwanamke haipo. Yupo mwanamume anayejaribu kuikumbuka. Wasenegali kwenda kucheza msiba wa Wanyarwanda lilikuwa swali gumu tayari. Hilo naona kazi yenyewe inalijibu, kwa kutojifanya kwamba inacheza ngoma za Rwanda. Hakuna mwendo wa intore ulioazimwa ili kuonyesha tuko wapi. La wanawake halikujibiwa.

Siku nilipowaonyesha wanafunzi wangu wakubwa vipande vya filamu hiyo, niliandika ubaoni kitenzi "kutetema" nikawaeleza mafunzo ya Acogny kama nilivyoyaeleza hapo juu. Msichana mmoja alinyosha mkono. "Mwalimu, hawa hawatetemi kama wale wa kwanza," akasema. "Wale wa darasani wanajitetemesha. Hawa wanatetemeka."

Sikuwa na la kuongeza. Katika viambishi viwili alikuwa amesema nilichokuwa nikikitafuta kwa kurasa nzima. Ukumbini, mchezaji ni mtenda na mtendwa kwa pamoja. Ana kiambishi cha kujirejea, yaani mwili wake ni mali yake. Katika Fagaala mtetemo una mwenyewe mwingine, na hatuonyeshwi ni nani. Nikaifuta insha niliyokuwa nimewaandalia kama mfano.

Kuhusu uzee wake sitasema mengi, ingawa wengine ndiyo wanayoyapenda. Akiwa na umri wa miaka sabini hivi alicheza peke yake kazi ya Olivier Dubois juu ya muziki wa Stravinsky, na mwaka 2015, chini ya uongozi wa Mikaël Serre, alicheza À un endroit du début, yaani mahali fulani pa mwanzo, ambamo maandishi ya baba yake na kumbukumbu za bibi yake Aloopho vinakutana. Humo kuhani na mtumishi wa serikali hatimaye wanasemezana, na mjukuu ndiye mkalimani. Mwendo ni mchache, na kila mmoja umechaguliwa. Mwaka 2021 alitunukiwa Simba wa Dhahabu wa Venice kwa kazi ya maisha yake.

Zaidi ya tuzo, napenda kuwataja wachezaji 38 kutoka nchi 14 za Afrika waliokusanyika Toubab Dialaw mwanzoni mwa mwaka 2020. Walijifunza The Rite of Spring ya Pina Bausch, kazi ya mwaka 1975 ambayo huchezwa juu ya udongo uliomwagwa jukwaani. Mwezi wa Machi, maradhi ya korona yalifunga kumbi za dunia, na safari yao ikavunjika kabla ya onyesho la kwanza. Kabla ya kutawanyika walikwenda ufukweni jioni wakaicheza yote mbele ya kamera. Kazi ya Mjerumani, juu ya muziki wa Mrusi, kwa miili ya Waafrika. Na udongo wa Bausch ukawa mchanga wa Acogny. Atakayeitazama filamu hiyo aangalie miguu. Wachezaji wa Ulaya huukanyaga udongo ule kama adui. Hawa wa ufukweni wanazama, wananyanyuka kwa kiuno, wanazama tena, kama watu wanaojua tangu zamani kwamba ardhi hairudishi kila kitu unachoipa.

Miaka hiyohiyo uongozi wa sanaa wa shule ulipewa wasanii wa kizazi kipya, Alesandra Seutin na Wesley Ruzibiza, na huyu wa pili ni Mnyarwanda. Kijana wa nchi ambayo msiba wake ulivunja majina ya mwili aliingia katika ukumbi ule wa mchanga ili awafundishe wengine. Sijui kama alipofika kwenye msufi aliwaambia wasimame vilevile, au alikuwa na mti mwingine. Wanafunzi wangu wametoa mapendekezo yao. Wawili wanautaka mgomba, kwa sababu husimama kwa maji badala ya mbao na hukatwa ukachipua. Mmoja ameukataa, akisema mgomba hauneswi na upepo, huchanika majani tu. Nimewaambia wajaribu kwanza kwa miili yao, kisha ndipo tuandike.